Habari za Uraia na Ubunge Kando ya Ziwa Tanganyika

Kila uchaguzi mkuu ukaribiapo twaulizwa swali moja na watu wa vijiji vya ziwani: Je, mtu mwenye uraia wa nchi mbili aweza kuwa Mbunge? Wako waulizao kwa ajili ya ndugu zao walioko Ulaya na Marekani, ambao wamepata hati za huko na wangependa kurudi kuwatumikia watu wao. Lakini wengi wa hapa Ujiji na Kigoma huuliza kwa sababu nyingine. Babu yao alivuka ziwa kutoka Ubwari akaja kuuza samaki, akaoa, asirudi tena. Au mama yao alizaliwa Rumonge. Wao wenyewe hawajapata kuomba uraia wa nchi yo yote. Hata hivyo huogopa kwamba siku watakaposimama mbele ya watu kuomba kura, atatokea mtu wa kusema, Huyu si wa kwetu.

Jibu la sheria ni fupi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 67, yasema kwamba Mbunge sharti awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa kilichomsimamisha. Kisha yataja watu wasiostahili, na mmoja wao ni yule aliyejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake. Tena Sheria ya Uraia, Namba 6 ya mwaka 1995, haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, ambao siku hizi huitwa uraia pacha. Mtoto aliyezaliwa akiwa nao hana budi kuchagua afikapo umri wa miaka 18. Basi wale ndugu wa Ulaya na Marekani wamekwisha kujibiwa, ijapokuwa jibu haliwapendezi.

Wale wa Ubwari na Rumonge ndio waliotufanya tuandike habari hizi. Kwao hao jibu haliko katika ibara moja; hatuna budi kurudi nyuma miaka mingi, tuone jinsi mwambao huu ulivyopata raia.

Kila Mkristo amesoma habari za Paulo Mtume katika Matendo ya Mitume, sura ya 21 na ya 22. Paulo alikuwa Myahudi, mwenyeji wa Tarso, tena raia wa Rumi. Walipokuwa tayari kumpiga mijeledi aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi asiyehukumiwa, na jemadari akaogopa. Jemadari mwenyewe alikuwa ameununua uraia wake kwa mali nyingi. Paulo alizaliwa nao. Tumeyakumbuka mambo hayo kwa sababu yaonyesha kwamba swali letu ni la kale sana. Kuna uraia wa kuzaliwa na uraia wa kutafutwa, na mtu mmoja aweza kuwa mwenyeji wa mahali pawili bila ya kuwasaliti watu wa pahali po pote.

Zamani ziwa hili halikuwa mpaka, lilikuwa njia. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta soko, na waliokuja sokoni walitoka pande zote: Waha kutoka milimani, Warundi kutoka kaskazini, Wabwari na Wagoma kutoka ng'ambo, Wajiji wenyewe na mitumbwi yao, na Waarabu na Waswahili waliofuata pembe na watumwa. Chumvi ilitoka Uvinza, mawese na samaki vilitoka kando ya ziwa, na miti ya mitumbwi mikubwa ilitoka Ugoma, upande wa magharibi. Stanley alipomkuta Dk. Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, mji ulikuwa umekwisha kuwa na watu wengi wa Manyema, yaani watu wa bara ya Kongo. Wengine waliletwa kwa nguvu wakiwa watumwa, wengine walikuja kwa hiari wakiwa wapagazi na wachuuzi. Wajukuu na vitukuu vyao ndio wenyeji wa Ujiji wa leo. Atakayetaka kuwatenga Wamanyema na Ujiji ataubomoa mji mzima, misikiti na nyumba, asibakize ila mwembe wa Livingstone, nao ule wa kwanza ulikwisha kufa.

Hata makanisa yetu hayakujua mpaka wakati ule. Wamisionari wa London walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafika Januari 1879. Mapadre hao hawakukaa Ujiji siku nyingi. Walivuka kwenda Rumonge katika Urundi, na huko watatu miongoni mwao wakauawa mwezi Mei 1881. Baadaye walijenga Kibanga, upande wa Kongo, na Karema, upande wetu. Mkristo aliyebatizwa Kibanga aliweza kuoa Karema na kuzikwa Ujiji, na hakuna aliyemwuliza hati.

Sasa angalieni habari za Karema, kwa maana zafundisha sana. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walijenga boma hapo Karema, wakidhani kwamba patakuwa pao. Tarehe 1 Agosti 1885 Leopold akawatangazia wakubwa wa Ulaya mipaka ya nchi yake mpya ya Kongo, na mpaka mmoja ukapita katikati ya Ziwa Tanganyika. Basi Karema ikawa upande usio wake, na mwaka huo huo boma likakabidhiwa Mapadre. Watu wa Karema hawakuhama hata hatua moja. Mstari ndio uliohama. Tunawaomba wasomaji waikumbuke tarehe hiyo ya 1 Agosti 1885, kwa sababu itarudi tena mbele, miaka karibu mia baadaye, nayo itawanyima watu uraia wao.

Hapo Karema aliishi Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger, akaibwa utotoni akauzwa, akakombolewa na Mapadre, akasomeshwa uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu na kufundisha dini hata alipokufa mwaka 1956. Wazee waliotibiwa naye walimhesabu kuwa wao. Lakini lau angaliishi miaka mitano zaidi, sheria ya uraia ya mwaka 1961 isingalimtambua kuwa raia kwa kuzaliwa. Angalilazimika kwenda kuomba aandikishwe kama mgeni ye yote, baada ya kazi ya miaka zaidi ya sitini. Twataja habari zake si kwa kuilaumu sheria hiyo, maana kila nchi haina budi kuweka kipimo. Twataka ionekane tu kwamba kipimo cha mahali pa kuzaliwa hakijui kazi ya mtu.

Wadachi walitawala upande wetu wa ziwa, na chini ya utawala wao Buha na Urundi zilikuwa koloni moja. Mtu wa Kasulu aliyekwenda kuoa Urundi hakutoka katika nchi. Reli ilifika Kigoma mwezi Februari 1914, na vita vikaanza mwaka huo huo. Mwisho wa Julai 1916 askari wa Kibelgiji waliingia Kigoma, kisha Ujiji, nao wakakaa hata Machi 1921. Wasomaji wengi hawajui neno hili, kwamba kwa karibu miaka mitano Kigoma na Ujiji zilitawaliwa pamoja na Ruanda na Urundi chini ya bendera ya Ubelgiji. Mtoto aliyezaliwa Ujiji mwaka 1915 alizaliwa chini ya Mdachi. Ndugu yake wa mwaka 1918 alizaliwa chini ya Mbelgiji. Na mdogo wao wa mwaka 1922 akazaliwa chini ya Mwingereza. Mama ni mmoja, nyumba ni moja, na dola ni tatu.

Waingereza na Wabelgiji walipatana tarehe 30 Mei 1919, kwa njia ya wajumbe wao Milner na Orts, kwamba Ruanda na Urundi zibaki kwa Wabelgiji na Kigoma irudi kuwa pamoja na Tanganyika. Wabelgiji wakapewa pia sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, wapate kupitisha mizigo ya Kongo. Mpaka wenyewe kati ya Buha na Urundi uliandikwa vizuri katika mapatano ya tarehe 22 Novemba 1934. Mashamba mengine yakawa huku na nyumba kule.

Katika miaka hiyo watu wa Tanganyika hawakuwa raia wa nchi yo yote kwa maana tunayoijua leo. Nchi ilikuwa amana ya Shirika la Mataifa, na baadaye ya Umoja wa Mataifa, na wenyeji waliitwa watu wenye kulindwa na Mwingereza. Hapakuwa na faida kubwa ya kujua nani ni Mha na nani ni Mrundi, ila kwa kodi. Walipokuja watu wa kuandika manamba kwa ajili ya mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro, Waha na Warundi walikwenda pamoja, na Warundi wengi walijiandikisha kuwa Waha kwa kuwa lugha zao zakaribiana sana. Wengine hawakurudi Urundi kamwe. Watoto wao wakaitwa Waha, wakawa Waha.

Kisha uhuru ulikaribia. Mwezi Oktoba 1961 Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia, na mjadala ulikuwa mkali kuliko yote ya mwaka ule. Wajumbe wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alikataa kabisa. Alisema kwamba uraia hauwezi kupimwa kwa rangi ya mtu, na kwamba serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo. Muswada ukapita kama ulivyokuwa. Twamsifu kwa neno hilo. Lakini Bunge lilipokuwa likibishana habari za Wazungu na Wahindi, kulikuwa na kifungu kingine ambacho hakikupigiwa kelele, nacho ndicho kilichougusa mwambao wetu.

Kifungu chenyewe kilikuwa hivi. Mtu aliyezaliwa Tanganyika, akiwa chini ya ulinzi wa Mwingereza siku ya tarehe 8 Desemba 1961, angekuwa raia kesho yake bila ya kuomba, maadamu baba yake au mama yake naye alizaliwa Tanganyika. Ikiwa wazazi wote wawili walizaliwa nje, hakuwa raia; alipewa muda wa miaka miwili aombe kuandikishwa. Na mtu mzima aliyekuwa raia wa Tanganyika na wa nchi nyingine pia alipaswa kuuacha uraia ule wa pili kabla ya muda huo kwisha, yaani Desemba 1963.

Katika Dodoma au Singida kifungu hiki hakikuwasumbua watu wengi. Je, katika Ujiji? Fikirini mwuza dagaa aliyezaliwa Ujiji mwaka 1930, baba yake Mmanyema wa Kasongo, mama yake Mbwari. Hakupata kukaa mahali pengine. Alilipa kodi Ujiji, akajiunga na TANU Ujiji, akacheza ngoma usiku wa uhuru. Asubuhi yake hakuwa raia. Wala hapana aliyemwambia! Tangazo lilikuwa katika gazeti la serikali, nalo halikusomwa katika masoko ya samaki. Miaka miwili ikapita, akaendelea kupiga kura na kulipa kodi, na watoto wake wakakua wakijua kwamba wao ni Watanzania. Jambo hilo lililala kama moto chini ya majivu.

Wakati huo huo wageni waliojua kusoma tangazo walifanya lililowapasa. Barbro Johansson, mwalimu wa misheni kutoka Sweden, alifika Bukoba mwaka 1946 kufundisha wasichana. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kabla ya uhuru, na baada ya uhuru akachukua uraia wa Tanganyika akabaki Mbunge. Derek Bryceson, aliyezaliwa China kwa wazazi Waingereza, alifanya vivyo hivyo, akawa Waziri. Hatuwaonei kijicho, waliichagua nchi hii kwa moyo na kuitumikia vizuri, na wananchi waliwachagua kwa kura zao. Hao ndio watu wa namna ya yule jemadari wa Rumi. Lakini ni ajabu kidogo kwamba mtu wa Sweden aliweza kujua uraia wake kwa hakika, na mtu wa Ujiji asiweze.

Majivu yalianza kufukuliwa hasa baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Palipokuwa na chama kimoja, ubishi wa uraia haukuwa na faida nyingi. Vyama vilipokuwa vingi, mtu akiteuliwa kugombea, wapinzani wake waweza kumwekea pingamizi mbele ya msimamizi wa uchaguzi kwamba hana sifa, na pingamizi rahisi kuliko yote katika mikoa ya mipakani ni kusema, Baba yake alitoka wapi? Mwezi Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne maarufu si raia. Miongoni mwao alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa Mbunge, na Timothy Bandora, aliyekuwa Balozi wa Tanzania nchi ya nje. Ulimwengu baadaye alipata uraia kwa kuuomba, yaani uraia wa tajinisi. Zingatieni jambo hilo: mtu alikuwa ameketi Bungeni na kutunga sheria za nchi, kisha akaambiwa kwamba hakuwa mwananchi. Ikiwa mtu mwenye elimu na jina kubwa aliweza kupatwa na hayo, mvuvi wa Kibirizi atasema nini?

Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ya kuwaondoa wahamiaji wasio na ruhusa. Serikali ilikuwa na sababu zake, maana ujambazi wa silaha ulikuwa umezidi katika barabara za huko. Lakini katika msako wa namna hiyo si rahisi kumtenga Mha wa Kibondo na Mrundi wa Ruyigi kwa kusikiliza matamshi yao. Maelfu waliondoka, na baadhi yao walikuwa wamekaa nchini miaka mingi.

Hapa twataka kusema neno juu ya sheria yenyewe. Sheria ya mwaka 1995, ukiisoma polepole, yasema kwamba mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili 1964, ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa mabalozi na watoto wa adui waliozaliwa mahali palipotekwa. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini wenye kuitumia huifasiri kwa kutaka mzazi mmoja awe raia, na katika mikoa yetu huuliza hata habari za babu. Tena sheria hiyo humpa Waziri uwezo mkubwa juu ya raia wa tajinisi, hata kuwanyang'anya uraia, na uamuzi wake haukatiwi rufani. Kwa hiyo kumwambia mtu wa Ujiji, Kwani ni taabu gani kuomba tajinisi? si kumpa kitu kile kile alichokuwa nacho. Ni kumtoa katika nafasi ya Paulo na kumweka katika nafasi ya jemadari.

Sasa na tuvuke ziwa, tuone majirani wamefanyaje. Kwa maana yaliyotokea ng'ambo yalileta watu wengi Kigoma.

Katika milima ya Itombwe, juu ya Uvira na Fizi, wanakaa Wanyamulenge, wafugaji wasemao lugha ya jamii ya Kinyarwanda, ambao wazee wao walihamia huko kabla ya ukoloni. Sheria ya Zaire ya mwaka 1972 iliwapa uraia kwa ujumla watu wenye asili ya Ruanda na Urundi waliokaa Kivu tangu zamani. Mwaka 1977 Mnyamulenge mmoja, Gisaro Muhoza, alichaguliwa kuwa Mbunge. Kisha tarehe 29 Juni 1981 ikatoka sheria nyingine iliyofuta ile ya kwanza. Kipimo chake kipya kilikuwa hiki: raia ni yule ambaye mzee wake alikuwa wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya nchi siku ya tarehe 1 Agosti 1885. Wasomaji wataikumbuka siku hiyo. Ni siku ile Leopold alipopitisha mstari katikati ya ziwa letu, hali yeye mwenyewe hakupata kuliona. Nani katika milima ya Itombwe aliweza kuleta shahidi wa mwaka 1885? Katika uchaguzi wa mwaka 1982 Wanyamulenge walizuiwa kugombea, kwa kuwa uraia wao una mashaka. Mtu aliyekuwa Mbunge jana, leo hafai hata kuomba kura.

Jambo hilo halikuishia katika makaratasi. Mwezi Aprili 1995 Bunge la Zaire liliazimia kwamba watu wenye asili ya Ruanda na Burundi warudishwe kwao, na Wanyamulenge wakahesabiwa pamoja na wakimbizi wa juzi. Mwezi Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini akawapa muda mfupi waondoke. Vita vikaanza Uvira mwezi huo huo. Watu wa makabila yote ya mwambao ule, Wabembe, Wafuliru, Wabwari na wengine, walipanda mitumbwi wakaja Kigoma, na kambi ya Nyarugusu katika Kasulu ikafunguliwa kwa ajili yao. Hatusemi kwamba vita vyote vile vilitokana na sheria ya uraia. Vilikuwa na sababu nyingi, na mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 ndiyo makubwa. Lakini watu walionyimwa kiti Bungeni walitafuta bunduki, na walionyimwa hawakuwa wote wenye kosa.

Na angalieni kinyume chake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja, wala hauchanganywi na mwingine. Mwezi Februari 2007 ilijulikana katika Bunge la Kinshasa kwamba wajumbe kadha wa kadha wanazo hati za Ulaya mifukoni. Je, walifukuzwa? La. Bunge liliwapa muda wa miezi mitatu watengeneze mambo yao, muda ukapita, na neno likanyamazishwa. Mchunga ng'ombe wa Itombwe, asiye na uraia mwingine duniani, alizuiwa. Bwana mwenye hati ya Ulaya, aliyeiomba na kuilipia, akabaki kitini. Sheria ya mwaka 2004 ilikuwa imekwisha kuiacha tarehe ya 1885 na kuchukua siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Ni afadhali, lakini ubishi haujakoma.

Burundi ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya tarehe 18 Julai 2000 inamruhusu Mrundi kuwa na uraia wa nchi nyingine. Nadhani hawakuwa na budi, kwa kuwa tangu mauaji ya mwaka 1972 wananchi wao walikuwa wametawanyika pande zote. Wengi walikuja kwetu, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengine wakajikalia katika vijiji vya Kigoma. Tanzania iliwapa uraia zaidi ya 160,000 wa wale wa makazi hayo matatu, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Lakini kwa sheria yetu iliwabidi kwanza kuukana uraia wa Burundi. Raia hao wa tajinisi hawakukatazwa na Katiba kuwa Wabunge. Walichokatazwa ni Urais, ambao ibara ya 39 yautaka kwa raia wa kuzaliwa.

Kusini mwa ziwa, upande wa Mpulungu, Zambia ilibadili Katiba yake mwaka 1996 ikataka wazazi wa Rais wote wawili wawe Wazambia. Hivyo Kenneth Kaunda, aliyeitawala nchi miaka 27, akazuiwa kugombea, kwa sababu baba yake, David Kaunda, alitoka Malawi. Na David Kaunda alikwenda Chinsali kwa kazi gani? Alikwenda kuhubiri Injili na kufundisha shule. Mwaka 2016 Zambia iliruhusu uraia wa nchi mbili, ila asiwe nao Rais. Basi kuzunguka ziwa moja, mvuvi mmoja aweza kupita chini ya sheria nne katika safari ya majuma mawili.

Tukiulizwa rai yetu, twasema kwamba ibara ya 67 ya Katiba yetu imetumia neno jema, nalo ni hiari. Katiba haikumkataa mtu kwa damu ya babu yake. Imemkataa aliyekwenda mwenyewe kutafuta uraia mwingine. Ni haki kumwuliza mtu atakaye kutunga sheria zetu kama amekula kiapo kwa dola nyingine, kwa maana Mbunge hupiga kura juu ya mapatano na nchi za nje, na hata juu ya mpaka wa ziwa hili. Si haki kumwuliza mamaye alivuka ziwa mwaka gani. Maswali hayo mawili hayafanani, lakini katika ofisi na katika mikutano ya kampeni huchanganywa, na achanganyaye mara nyingi anajua afanyalo. Ikiwa kifungu cha mwaka 1961 kilimwacha nje mwenyeji wa Ujiji kwa sababu ya wazazi wake, ingelifaa Bunge liseme waziwazi kwamba watu wale na watoto wao ni raia wa kuzaliwa, jambo likaisha. Ndugu walioko Ulaya na Marekani nao wana hoja zao, na serikali iliamua kuwapa hadhi maalumu badala ya uraia wa pili. Hayo tutayaandika siku nyingine, maana wao wana magazeti ya kuwasemea.

Kwa sasa kuna kazi iliyo mikononi mwetu. Mtu akiitwa aeleze wazazi wake walizaliwa wapi, mara nyingi hana karatasi ila ile ya kanisa. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa, lakini chaonyesha mwaka, mahali, na majina ya baba na mama, nacho kiliandikwa wakati ambapo hapakuwa na sababu ya kudanganya. Katika misheni za kale za mwambao huu vitabu hivyo vipo bado, na vingine vimekwisha kuliwa na mchwa pembeni. Tunawaomba makatekista na wazee wa kanisa wavitoe katika masanduku ya mbao yaliyo sakafuni, wavianike kivulini wala si juani, wanakili kurasa zilizofifia kwa wino mweusi pamoja na namba zake kama zilivyo, wasibadili tahajia ya jina lo lote hata ikiwa ni ya makosa, kisha waviweke katika kabati la chuma palipo pakavu. Na atakayeletewa ombi la nakala na mzee ye yote, awe Mmanyema, Mbwari, Mha au Mrundi, asimcheleweshe.